Kipande cha Njaa

Watu wa Mkiwa wana aibu moja ambayo hata operesheni ya vijiji haikuweza kuwaondolea: aibu ya shamba lenye njaa. Vaa viraka, kula mlenda mwezi mzima, hakuna atakayekusema. Lakini acha uwele wako usimame kando ya njia mwembamba, wa njano, kama mtu aliyetoka kuugua, hapo watakusema mpaka misibani. Sasa hebu mfikirie Felista, binti wa marehemu Alute, mwanafunzi wa chuo cha kilimo Morogoro, aliyekuja kuomba shamba kando ya barabara, akapanda uwele, halafu akaunyima samadi kwa makusudi.

Haukuwa ukorofi, ulikuwa utafiti. Mwaka uliotangulia watu walikuwa wamehamishwa kutoka ng'ambo ya mbuga, wakapangwa kwa mistari karibu na njia panda ili shule na zahanati ziwe jirani. Shule ilikuja, kweli. Ila ardhi ya huku ilikuwa mchanga mweupe usio na nguvu, na mazizi mapya yalikuwa hayajapata mavi ya maana. Utajiri wote, samadi iliyolundikana tangu enzi za mababu, ulibaki kule mahameni, kwenye makazi waliyoyahama. Na mahameni kulipigwa marufuku kukanyaga. Wakubwa waliogopa kwamba mtu akirudi leo kuchota samadi, kesho atarudi na kitanda. Waliokutwa huko miezi ya mwanzo walilala rumande, na jambo hilo lilikuwa bado linazungumzwa kwa sauti ya chini.

Felista alikwenda mwenyewe wilayani kumwona Ndugu Laurenti, afisa aliyesimamia vijiji vipya. Laurenti hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa amri, na amri akiishika anaishika kwa mikono miwili.

"Nionyeshe kwa macho," alimwambia. "Ukinionyesha kwamba ardhi ile haizai bila samadi, mimi mwenyewe nitafungua njia ya mahameni, na trekta lenye tela nitatoa. Usiponionyesha, habari za samadi ziishe. Nisizisikie tena."

Akampa kibali cha kwenda mahameni mara moja tu, na mkokoteni wa ng'ombe. Mwalimu wake wa chuo, Dokta Urbano, akakubali utafiti huo uwe ndio wa kumalizia masomo. Vikapimwa vipande vitatu vya shamba, mbegu ile ile, siku ile ile. Cha kwanza kikapata samadi, cha pili kikapata mbolea ya chumvichumvi ya dukani. Cha tatu kikakaa hivi hivi, ili vile viwili vipate cha kulinganishwa nacho. Wanakijiji hawakukawia kukipa jina. Walikiita kipande cha njaa.

Felista alikuwa lazima arudi chuoni, kwa hiyo shamba alimwachia mama yake mkubwa, Magdalena, aliyemlea tangu wazazi wake wafariki.

"Hiki cha tatu usikipe kitu, mama mkubwa. Kipalilie tu kama vingine."

"Kwani kimekosa nini?"

"Hakijakosa kitu. Nataka kionekane kinavyokuwa kikikaa na njaa."

"Kitakonda, mwanangu. Hilo nalo mpaka mtu aende Morogoro?"

Felista alicheka. "Wewe nakuamini. Ndugu Laurenti haamini mpaka aone."

Magdalena aliitikia kwa kichwa, lakini uso wake ulikuwa wa mtu aliyeambiwa amnyime mtoto maziwa. Felista angeutazama vizuri uso ule, angeahirisha safari. Hakuutazama. Alipanda basi akaenda zake.

Alirudi uwele ukiwa umeshatoa masuke, safari hii kwa Landrova ya chuo, pamoja na Dokta Urbano na Ndugu Laurenti. Kijiji kizima kilitoka. Wazee walipanga foleni mbele ya Dokta wakimwonyesha magoti yanayouma, na ikabidi wafafanuliwe kwamba huyu ni dokta wa mimea. Mzee mmoja aliuliza kama hiyo nayo ni kazi ya mtu mzima. Watu wakacheka, Dokta naye akacheka, wakaenda shambani.

Ile kufika, Felista alihesabu vipande mara mbili. Vipande vyote vitatu vilisimama pale kando ya barabara virefu, vyeusi kwa afya, masuke yamenona. Ukimleta mgeni ukamwambia chagua chenye njaa, atakuuliza kama unamfanyia mzaha.

"Kipi ambacho hakikupewa kitu?" Laurenti aliuliza.

Angeweza kudanganya. Angeweza kusema panya wamekila, kimeng'olewa, chochote. Alinyoosha kidole, akakionyesha kile kile.

Laurenti alikitazama, akatazama na vile viwili, kisha akavua kofia yake akajipepea. Alikuwa amefurahi bila kuficha. "Hongera sana, dada. Umetuthibitishia kwamba ardhi hii inazaa hata bila samadi yenu. Mambo ya mahameni yameisha leo."

Dokta Urbano alimsogelea Felista akamwambia polepole, "Kimeguswa. Ulinganisho haupo tena. Na bila ulinganisho, huna utafiti."

Felista aligeuka kumtafuta mama yake mkubwa. Magdalena alikuwa mbele ya wanawake wenzake, amevaa kanga mpya, kichwa juu, anatabasamu kama mama wa bwana harusi. Halafu maneno ya Laurenti yakamwingia, na tabasamu likamtoka kidogo kidogo. Akatazama chini. Hapo Felista akaelewa kila kitu, na akakasirika. Msimu mzima, masomo yake, njia ya mahameni, vyote vimekwenda na maji kwa sababu mtu alikionea huruma kipande cha shamba. Na kusema hakuweza. Aseme nini? Kwamba mama yake mkubwa alikwenda kulikokatazwa? Siku hiyo hiyo angelala rumande.

Akaingia ndani ya uwele, ili watu wasimwone akilia. Alipita katikati ya mabua akiyasukuma kwa viwiko, masuke yanampiga usoni, akaenda, akaenda, mara mkono wake ukasukuma hewa.

Alisimama. Mbele yake uwele uliishia magotini. Haukuwa umekatwa. Ulikuwa mfupi, wa njano, na suke lake dogo kama kidole cha mtoto. Uwele mrefu ulikoma ghafla kwenye mstari mmoja ulionyooka toka ukingo huu hadi ukingo ule, kisha nyuma yake, upande ambao mtu wa barabarani hauoni, njaa tupu mpaka mwisho wa kipande. Akapiga magoti, akachimba kwa mkono wa kulia huku na wa kushoto kule. Kulia ulikuja udongo mweusi, wenye unyevu na vipande vya samadi iliyooza. Kushoto ulikuja mchanga mweupe, ukampita vidoleni.

"Dokta," aliita. "Ndugu Laurenti. Njooni huku ndani."

Walikuja, na nyuma yao kijiji. Dokta Urbano aliinama kwenye mstari. Akatoa futi yake ya kitambaa, akapima mabua ya upande huu na ya upande ule. Akachota udongo wa pande zote mbili akaufunga kwenye vifuko.

"Mbegu ni ile ile," Felista alisema, na sauti ilikuwa imeanza kumrudia. "Imepandwa siku moja, imepata mvua moja, imepaliliwa na mikono ile ile. Ni kipande kimoja. Kilichobadilika hapa ni kitu kimoja tu. Hata ningekaa mwaka mzima nikipanga, nisingepata ulinganisho mzuri kama huu."

"Mstari nauona," alisema Dokta. "Sababu ndiyo siioni. Labda hapa palikuwa na zizi la mtu zamani. Labda kichuguu kilichosawazishwa. Nani ameweka nini, lini, kutoka wapi?"

"Najua, Dokta. Lakini siwezi kusema."

"Basi na mimi siwezi kuandika. Nikiandika nisichokijua, mimi na mpiga ramli tuna tofauti gani?"

Laurenti alikuwa amekunja mikono, anawatazama watu mmoja mmoja. Felista alikaza meno. Alikata shauri moyoni kwamba utafiti na ufe, lakini jina la Magdalena halitatoka mdomoni mwake.

"Andika Magdalena," sauti ilisema nyuma.

Watu walimpisha. Alikuja mpaka kwenye mstari, kanga yake mpya imeshikwa na makapi ya uwele, akasimama mbele ya afisa.

"Samadi ile nimeibeba kwa kichwa changu kutoka zizi la shemeji yangu Alute, kule mahameni. Niliiweka wakati wa palizi ya kwanza. Kila nikipita hapa nawasikia watu wanasema binti wa Alute amesoma mpaka amesahau kulima. Nikashindwa, baba. Nilianza upande wa barabarani, kwa sababu ndiko wanakopita wasemaji. Samadi ikaniishia hapa, na nguvu zikaniishia hapa."

"Ulijua kwamba ni marufuku kwenda kule?"

"Nilijua."

"Ulikwenda na nani?"

Magdalena alifunga mdomo. Na pengine angelala rumande na mdomo umefungwa vile vile, kwa maana ukaidi wa yule mama haukuwa na dawa. Lakini jirani yake alijitokeza akasema, "Na mimi nilikuwepo." Akafuata mwingine. Wakaendelea kutoka, mama mmoja mmoja, na mmoja mjamzito, na mke wa balozi wa nyumba kumi, ambaye mumewe alijifanya anaangalia ndege.

"Mlikwenda kule kuishi?" Laurenti aliuliza, na sasa sauti yake haikuwa na ukali wa mwanzo.

"Kuishi wapi, baba?" Magdalena alisema. "Nyumba zilishaezuliwa. Tulikwenda kuchota mavi ya ng'ombe, tukarudi kwetu. Kwetu ni hapa. Tungekuwa tunataka kurudi kule, nani angehangaika kulisha ardhi ya hapa?"

Hilo ndilo lililomgonga Laurenti. Ilionekana wazi. Alisogea akasimama juu ya mstari, mguu mmoja huku na mguu mmoja kule. Upande mmoja uwele ulimpita kofia. Upande wa pili aliuinamia kuushika. Alirudia kutazama huku na kule, na kijiji kizima kikimtazama yeye, hata waliokuwa na kikohozi wakikizuia.

"Dokta, sasa unaandika?"

"Naandika," alisema Dokta Urbano. "Na jina la mama huyu naliandika."

"Basi andika na langu, kwamba nimeona." Akamgeukia Magdalena. "Trekta litakuja baada ya mavuno, na tela lake. Mwende mahameni mchana, kwa njia kubwa, mbebe mpaka mazizi yabaki matupu. Atakayewazuia aje kwangu."

Vile vigelegele vilivyopigwa katikati ya uwele vilisikika njia panda, na dereva mmoja wa lori alisimama kuuliza kuna harusi ya nani. Felista alimkumbatia mama yake mkubwa, akalia sasa mbele za watu wote, kwa furaha, wala hakuona aibu. Hasira yake hakuiona ilikokwenda.

Trekta lilikuja kweli. Kiangazi kizima lilipita mbugani na kurudi, wanawake wamekaa juu ya samadi wakiimba, na mashamba ya Mkiwa yakabadilika rangi. Lakini Dokta Urbano alikuwa mgumu. Utafiti wa mwaka mmoja, alisema, bado ni uvumi, rudieni. Kwa hiyo kilihitajika kipande kingine cha njaa, na Felista alikwenda kwa mama yake mkubwa akizunguka na maneno, hajui aanzie wapi. Magdalena hakumwacha amalize. Alimpa kipande cha shamba lake mwenyewe, pale pale mbele ya mlango, barabarani kabisa.

Uwele ukaota, ukakonda, ukawa wa njano katikati ya mashamba yaliyonona. Siku moja jirani alishindwa kuvumilia, akaja na kikapu cha samadi kichwani. Magdalena alimkuta anakitua. Akasimama mbele yake na jembe, kiuno kimefungwa kanga.

"Kirudishe," alisema. "Uwele huu unakonda kwa ajili yetu sote."