Kofia ya Amerikani

Siku hiyo mpumbavu alikuwa Mjaka, na mpaka leo mwenyewe hakatai.

Kazi yake pale Mgogoni ilikuwa kupika makonyo, vile vijiti vinavyoshika karafuu, yatoe mafuta. Mvuke ulikuwa ukiwababua watu mikono, mpaka wakakaa na Bwana Marhoun, mwenye kiwanda, wakapatana: yeye atoe kitambaa kinene cha amerikani, wake zao washone mifuko ya kuvaa mikononi, na kila jioni mifuko ibaki kiwandani.

"Ibaki kwa nini?" Mjaka alimuuliza mkewe, Mize. "Usiku atainusa, ajue nani kachota mafuta."

"Kwani wewe umechota?"

"Sijachota. Lakini tajiri huyu hatoi kitambaa bure."

Mize akashona, akampa. Mjaka akaifumua mifuko kwa siri, akajishonea kofia, na asubuhi akaenda nayo kazini kwa madaha. Wenzake walimwambia asifunue pipa la kupikia mikono mitupu. Akawacheka, akafunua.

Jioni alikuwa barazani, mikono imevimba, hawezi kushika tonge, na msimu wa kuchuma karafuu umeshabisha hodi. Mize ndiye aliyemlisha.

"Sema utakalo," Mjaka alinung'unika huku akitafuna, "Marhoun ana hila yake."

Mize akamtazama kichwani.

"Kofia haina hata doa, baba Nyange. Ukirudi kazini, pipa lifunue kwa kichwa."