Baiskeli ya Pili

Majirani zangu wakifungua pazia asubuhi huwa wanatafuta jua. Mimi natafuta mawingu, na yakiwa meusi tii ndiyo nayachekea. Mke wa jirani aliwahi kuniuliza kama nina shamba mahali. Nikamwambia sina hata chungu cha maua. Nilichonacho ni mke, au tuseme nilikuwa naye, na mke huyo hunipigia simu mvua ikinyesha tu.

Si kwamba ana wazimu. Mama Pacha hushiriki mbio za baiskeli za matope, zile ambazo watu wazima wenye kazi zao na magoti yao mabovu huzunguka uwanja wa vilima, wanaruka mbao, wanapandisha mlima baiskeli ikiwa begani, na wanamaliza wakiwa hawatambuliki hata na waliowazaa. Hakuna anayelipwa. Ardhi ikiwa kavu, baiskeli moja inamtosha na hamhitaji mtu. Matope yakijaa, nusu mzunguko tu baiskeli inakuwa nzito, gia hazishiki, breki zinasaga udongo. Hapo ndipo inapotakiwa baiskeli ya pili, safi, na mtu wa kuishika pembeni. Mshindani anaingia kwenye kijia kilichozungushiwa utepe, sisi tunakiita kichochoro, anaiachia chafu, anadaka safi, anatokomea. Anayebaki anaiosha ile chafu mbiombio kabla mwenyewe hajarudi tena. Huyo anayebaki ni mimi.

Riziki yangu naipata kwa kutengeneza mashine za kufulia, kwa hiyo maji machafu hayanitishi. Yeye hupima macho katika duka la miwani. Tuliachana bila kurushiana hata kijiko. Pacha wetu walipokwenda kusoma mbali, nyumba ikawa kimya, na sisi tukawa tunapishana koridoni kama wapangaji. Nikimuuliza anataka nini, anasema, "Chochote." Akiniuliza mimi, nasema, "Sawa tu." Mtu wa chochote na mtu wa sawa tu wanaweza kukaa mezani mpaka chai ipoe, na yetu ilipoa. Mwishowe akapanga karibu na duka lake.

Lakini kichochoroni mambo ni mengine kabisa. Anaingia akihema, matope mpaka kwenye meno, na ananiambia anachotaka bila kuzunguka. "Upepo wa gurudumu la nyuma mwingi!" Nampunguzia. "Cheni inaruka!" Narekebisha. Miaka yote ya ndoa sikuwahi kuambiwa waziwazi namna ile, wala sikuwahi kuitikia haraka namna ile. Ndiyo maana naiomba mvua. Nammisi huyu mwanamke mpaka kifua kinauma, na kichochoroni, kwa muda wa kupokezana usukani, nakuwa mume tena.

Ijumaa simu ikalia nikiwa kazini, nimelala chali chini ya mashine ya hoteli.

"Baba Pacha, umeona mawingu?"

"Nimeyaona." Nilikuwa nayapigia hesabu wiki nzima.

"Mbio ni kesho na Jumapili. Una kazi?"

Nilitazama ile mashine, matumbo yake yote yametapakaa sakafuni, na meneja amesimama juu yangu mikono kiunoni. "Sina," nikasema.

"Basi njoo na ndoo yako." Kisha akaongeza, kama jambo dogo: "Halafu nisije nikasahau. Ile baiskeli ya pili nimeipatia mnunuzi. Anakuja kuichukua Jumapili, mbio zikiisha. Kuanzia msimu ujao nitaendesha kwenye ukavu tu. Nimechoka kusumbua watu."

"Watu gani?"

"Watu," akasema. "Haya, kesho."

Meneja akaniuliza kama nimepata msiba. Nikamwambia hapana, ila sikuwa na uhakika. Baiskeli ile ikiondoka, hata anga lote lishuke, Mama Pacha hatakuwa na sababu ya kunipigia. Nilibaki na Jumamosi na Jumapili za kumwambia kwamba nataka kuwa naye, na mimi ndiye mtu ambaye hata kinyozi akiniuliza anikateje, namjibu sawa tu.

Jumamosi mvua ilinyesha kama imelipiwa. Uwanja ulikuwa nyuma ya shule ya sekondari, na mapema tu nyasi zilishageuka uji. Nilipanga vitu vyangu kichochoroni: ndoo, brashi ndefu ya magurudumu, mwiko wa mbao wa kukwangulia gia, kopo la mafuta ya cheni. Kitambaa kikavu nilikiweka kifuani, ndani ya shati. Hicho ni cha usukani. Kila baiskeli ikishaoshwa nafuta vishikio kwa kitambaa hicho, mikono yake ikute pakavu penye vuguvugu. Sijawahi kumwambia. Kama amewahi kuona, naye hajasema.

Kaka yake ndiye hutangaza mbio hizi. Watu humwita Kipaza hata asipokuwa na kipaza sauti, kwa sababu hakihitaji.

"Na kule kichochoroni," akavuma, "namwona shemeji yangu na ndoo yake! Mabibi na mabwana, wenyewe waliachana, lakini ndoo haijapewa talaka!"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Mama Pacha, aliyekuwa kwenye mstari wa kuanzia, akajitia hamnazo na kurekebisha kofia yake ngumu. Mimi nikainama nikasugua gurudumu ambalo lilikuwa safi tayari.

Filimbi ikalia na kazi ikaanza. Aliingia, akaniachia, akadaka, akaenda. "Breki ya mbele!" Nikakaza. Aliporudi: "Safi! Hivyo hivyo!" Nikafanya hivyo hivyo. Nilikuwa nimelowa mpaka chupi, vidole vimekufa ganzi, na nilikuwa na furaha ambayo sijaiona mezani kwangu tangu alipohama. Alimaliza wa sita.

Baadaye tulikaa nyuma ya gari lake, mlango wa buti ukitukinga mvua, tukipokezana kikombe cha chupa ya chai. Uso wake ulikuwa na matope kila mahali isipokuwa palipokuwa na miwani, na macho yale yalikuwa yananitazama mimi. Hakukuwa na mtu karibu. Nikapiga moyo konde, nikafungua mdomo.

"Ile cheni," nikasema, "itahitaji mafuta zaidi kesho."

"Ni hilo tu?"

"Ni hilo tu."

Akamwaga chai iliyobaki kwenye nyasi na kufunga chupa. Nilirudi nyumbani nikijitukana njia nzima, kwa sauti, hadi mtu wa gari la pembeni kwenye taa akapandisha kioo chake.

Jumapili nikafungua pazia: jua, limejaa anga zima, halina hata haya. Ungeniona ungedhani nimeibiwa. Lakini nilipofika uwanjani nikakanyaga, na buti likabaki ardhini mguu ukatoka na soksi. Nikacheka peke yangu. Matope ya mvua huoshwa na mvua yenyewe. Matope yanayoanza kukauka hunata kama unga uliokandwa, na hayo ndiyo mabaya kuliko yote. Angenihitaji kila nusu mzunguko.

Kipaza alinipitia kabla hajapanda jukwaani.

"Umemwambia?"

"Nimwambie nini?"

Alinitazama kama anavyotazamwa mtu anayetafuta miwani iliyo usoni pake. "Haya, shemeji. Endelea kusugua."

Siku hiyo Mama Pacha aliendesha kama mtu anayefukuzwa. Sijui nguvu zile alizitoa wapi. Mizunguko ya mwanzo alikuwa wa tano, akawa wa nne, na tulipokaribia mwisho Kipaza alikuwa anapiga kelele hadi sauti ikamkauka: dada yake alikuwa wa tatu. Hajawahi kusimama na washindi maishani mwake. Washindi wenyewe husimama juu ya kreti zilizofunikwa kipande cha zulia, lakini nimemwona akizitazama kreti zile msimu baada ya msimu, kisha akijifanya anatafuta funguo za gari.

Nyuma yake, amemganda mgongoni, alikuwa mwanamke anayeendesha gari la wagonjwa, mwenye mapaja ya kazi na moyo usiojua kuchoka. Mume wake alisimama kichochoroni karibu yangu na baiskeli yao safi. Hatukuwa tunaongea. Siku nyingine tunaongea sana.

Kengele ya mzunguko wa mwisho ikagongwa. Mama Pacha akaingia kwangu, akabadilisha, na yule dereva akabadilisha pia, wakatoka sawia. Nikaiosha ile chafu. Nilikuwa na hakika ya jambo moja: angepita kichochoroni mara moja tu zaidi, kwenye mlango wake wa upande wa pili wa uwanja, halafu basi. Nikavuka nikaenda upande huo na baiskeli begani. Nikafuta maji. Nikatoa kitambaa kifuani nikafuta vishikio, kimoja, cha pili, taratibu kuliko ilivyohitajika. Ilikuwa mara ya mwisho, na niliumia waziwazi, sikujaribu hata kujificha.

Wakatokea kwenye kona. Na hapo nikaona nisichotaka kuona. Sehemu ile ya uwanja ilikuwa imepigwa na jua tangu asubuhi na ilikuwa imeshakuwa ngumu. Baiskeli aliyokuwa nayo ilikuwa chafu, ndiyo, lakini magurudumu yalizunguka bila kusaga, na mbele yake kulibaki njia kavu mpaka mwisho. Hakuhitaji kubadilisha. Akiingia kichochoroni angepunguza mwendo, ashuke, adake, apande upya, na yule wa nyuma akiamua kunyoosha angempita.

Alikuwa anaingia. Macho yake yalishageuka kwangu, usukani nao ukaanza kufuata. Mikono yangu ilishainyanyua baiskeli. Ningenyamaza tu. Nani angenilaumu? Kunyamaza ndiyo kazi niliyoizoea. Angekuja mpaka hapa, ningesikia pumzi yake, angeudaka usukani ule ungali na joto langu.

"Pita!" nikapiga ukelele. Sikujua nina sauti ile. "Usiingie! Nyoosha, Mama Pacha! Nenda! Nenda!"

Aliduwaa. Niliona uso wake ukiduwaa chini ya matope. Halafu akanyoosha usukani, akanipita upande wa pili wa utepe, na matope ya gurudumu lake yakanirukia kifuani. Yule dereva wa gari la wagonjwa aliingia kubadilisha. Alipotoka, Mama Pacha alishakula kona.

Nikabaki nimeshika baiskeli safi ambayo hakuna aliyeitaka. Kipaza alilia kwenye kipaza sauti, analia kweli, akisema wa tatu, wa tatu, huyo ni dada yangu wa tumbo moja.

Mnunuzi alikuwa mwalimu wa chekechea, binti mchangamfu aliyekuja na kamba zake za kufungia. Aliizunguka baiskeli, akapitisha kidole kwenye cheni.

"Mbona kama haijatoka nje leo?" akashangaa.

"Ina mtu wa kuiosha," Mama Pacha akasema.

Niliwasaidia kuifunga juu ya gari, kwa sababu mimi ni mtu wa kusaidia. Nikakaza kamba, nikajaribu kama inacheza. Haikucheza. Gari likaondoka polepole kwenye matope, na nilisimama kulitazama mpaka lilipotoka getini. Nikarudi kukusanya vitu vyangu. Mwiko, brashi, kopo. Vitu vichache sana, ukiviweka kwenye ndoo moja.

"Huwezi kupanda gari hivyo," akasema nyuma yangu. "Njoo."

Alikuwa amevaa soksi kavu na malapa, medali yake ameificha ndani ya jaketi lakini utepe umemtokeza shingoni. Akanishika mkono wa shati akanipeleka kwenye bomba, akafungua maji, akachuchumaa mbele yangu na brashi yangu mwenyewe.

"Mguu."

Nikauinua. Nikashikilia ukuta. Akaanza kusugua buti langu, mimi nikiwa ndani yake, na sikujua nitazame wapi.

"Ungeniacha niingie," akasema bila kuinua kichwa.

"Ungekuwa wa nne."

"Najua kuhesabu, Baba Pacha." Akasugua kisigino. "Nilitaka kuingia."

Maji yakaendelea kutiririka. Nilisikia watu wakicheka upande wa magari na Kipaza akimwambia mtu aache kugusa nyaya.

"Mwingine," akasema.

Nikashusha huu, nikainua mwingine. Alipolishika buti nikahisi mkono wake kupitia mpira, kwenye kifundo, na haukuwa unasugua.

"Mimi nataka kuja," nikasema. Sauti ilitoka mbaya, kama mlango wa stoo. "Hata kukiwa kukavu. Hata usipokuwa na mbio. Nataka kuja pale unapokaa, nikae, uniulize nataka nini, nikwambie. Nimechoka kungoja mvua."

Akamaliza buti, pole pole, mpaka kwenye nyuzi za soli, akalimwagia maji, akafunga bomba. Akasimama akishikilia goti lake bovu, nami nikamshika kiwiko kama nilivyokuwa nikifanya zamani. Hakukiondoa.

"Jumamosi ijayo sina mbio," akasema. "Baiskeli ya pili ndiyo hiyo imeondoka."

"Najua."

Akachukua ndoo kutoka mkononi mwangu, akaitazama na vitu vyake vyote, kisha akaiweka chini kando ya ukuta.

"Basi ukija," akasema, "usije na hii."