Mpelelezi wa Kumtafuta Tadei

Enzi zile za ruksa, biashara zilipofunguliwa, kila kitu kilifika Mbinga: mitumba, redio za kaseti, wanunuzi binafsi wa kahawa, na mwisho wa yote akafika mpelelezi wa kujitegemea. Aliitwa Frederick. Alipanga chumba karibu na stendi, akaandika mlangoni "Uchunguzi wa Aina Zote". Watu walisoma, wakaenda zao wakicheka.

Gaudiosa hakucheka. Alikuwa mjane wa mwaka mmoja, mama wa kijana Henry, na alikuwa na mtu wa kutafuta. Kaka yake Tadei aliondoka miaka kumi na sita nyuma, siku ambayo yeye Gaudiosa alimwita mwizi mbele ya ukoo mzima. Ilikuwa imepotea mashine ya mkono ya kumenyea kahawa, mali ya marehemu baba yao. Tadei hakujitetea. Alichukua panga na blanketi, akashuka kuelekea ziwani. Kumbe aliyeiuza ni Stephano, mume wa Gaudiosa, na alikiri akiwa kitandani anakata roho. Tangu hapo mama wa watu hakuwa na raha. Alitaka jambo moja tu: amwone kaka yake, amwombe radhi angali hai.

Frederick alivaa miwani myeusi hata ndani ya nyumba.

"Picha yake unayo?"

"Hatukuwahi kupiga picha."

"Kitambulisho je?"

"Alikuwa na kadi ya ushirika, akaondoka nayo."

Frederick alifunga faili, akasema kesi ni ngumu. Hilo Gaudiosa alilijua kabla hajatoka nyumbani.

Akaenda kwa Afande Dunstan, polisi mstaafu. Huyu aliuliza kama mtuhumiwa aliwahi kufungwa, na kama alikuwa na wanawake wengi.

"Si mtuhumiwa, Afande. Ni kaka yangu."

"Wote huanza hivyo," alisema Dunstan, na Gaudiosa akatoka pale amefura kwa hasira, tena kwa haki kabisa.

Siku ya tatu alipita sokoni kwa Mwanaisha, aliyeshuka ziwani kila wiki kununua usipa mkavu. Alimweleza ili kutua mzigo wa moyo tu. Mwanaisha aliendelea kupima samaki wake, kisha akauliza swali ambalo wenye ofisi hawakuliuliza.

"Mama Henry, huyo kaka yako alikuwa anapenda kazi gani?"

Gaudiosa alijikuta anatabasamu. Alimweleza habari za ngolu, yale mashimo wanayolima Wamatengo milimani ili mvua isibebe udongo. Tadei alifyeka nyasi na kuzilaza kwa mistari ya mraba, iliyonyooka bila kamba. Yeye Gaudiosa, msichana mdogo, alifuata nyuma na jembe akizifukia udongo, maana kufukia ni kazi ya wanawake. Asubuhi zile ukungu ulijaa bondeni, na Tadei aliimba nyimbo za kanisani kwa maneno ya kujitungia, mpaka mama yao akamtishia kumpeleka kwa padri. Ee, zilikuwa asubuhi njema zile. Hata maharage ya siku hizi hayana ladha ya yale.

"Basi nitakutafutia mimi," alisema Mwanaisha. "Jina anaweza kubadili. Kulima atalima vilevile."

Baada ya wiki tatu alirudi na jibu.

"Kule Ngumbo, kando ya ziwa, kuna bwana mmoja wanamcheka. Shamba lake tambarare, mchanga mtupu. Wenzake wanapanda mihogo, yeye amechimba mashimo kama yuko mlimani kwenu. Anajiita Bernadi. Hana mke. Nyasi analaza mwenyewe, na udongo anafukia mwenyewe."

Gaudiosa alilia palepale sokoni, mbele ya wateja. Kesho yake alipanda lori hadi Mbamba Bay, kisha boti.

Alimkuta shambani, mvi zimemjaa, ameinama na jembe. Tadei alinyoosha mgongo.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Umezeeka, Gaudi."

"Nimekuja kuomba radhi. Nilikuita mwizi, na hukuiba. Aliyeiuza mashine ni Stephano. Amekufa, na alikiri mwenyewe."

Tadei aliegemea mpini wa jembe.

"Najua ni yeye. Nilimwona alfajiri akiifunga kwenye baiskeli."

"Ulijua? Na ukaniacha nikutukane mbele za watu?"

"Ulikuwa na mimba ya Henry," alisema Tadei. "Wazee wangemfukuza Stephano siku ileile. Nikaona mtoto azaliwe na baba nyumbani. Mimi sikuwa na wa kunililia."

Gaudiosa alikaa chini mchangani. Samahani aliyoibeba kutoka Mbinga ilikuwa ya tusi moja tu, nayo haikutosha hata robo.