Chupa za Mama Munezero

Kankindi alikuwa akiosha takataka. Hivyo ndivyo watu wa Juru, kijiji kimoja cha kambi ya wakimbizi, walivyosema walipotaka kumtania, na yeye hakukasirika, maana ilikuwa kweli. Kila chupa ya plastiki iliyotupwa kijijini mwao ililetwa uani kwake. Aliketi kwenye kigoda, mguu mmoja kaunyoosha mbele kwa sababu ulikuwa haukunjiki tena, akaisugua chupa ndani kwa mchanga na majani, akaisuuza, akaiinamisha juani mpaka ikauke. Ndipo ilipoingia kwenye gunia lililofungwa utepe wa buluu, kungoja lori la kampuni kutoka Mbarara.

Hakuna aliyemwambia aoshe hivyo. Komite ya usafi ilitaka watu watenganishe tu, plastiki huku, maganda ya chakula kule, basi. Lakini Kankindi alilelewa milimani Itombwe, kabla ya kukimbilia kambini, katika nyumba ya wafugaji, ambako kibuyu cha maziwa huoshwa, hufukizwa moshi na kuwekwa juu kama mgeni wa heshima. Kwao mwanamke alijulikana kwa harufu ya vyombo vyake. Chombo kikitoka nyumbani kichafu, kinakwenda kuwasema waliobaki ndani.

"Hata kama inaenda kuyeyushwa?" mumewe alimwuliza siku moja.

"Hata kama inaenda kuzikwa," Kankindi akamjibu. "Mufu naye tunamuoshaka, na anaenda kuzikwa."

Mumewe, Yonatani, alikuwa shemasi kanisani na mwenyekiti wa hiyo komite ya usafi. Yeye ndiye aliyelileta jambo hili Juru. Alisimama baada ya ibada akawaambia watu kwamba baraza la wilaya kule Isingiro limeipa kampuni kazi ya kuzoa taka, na kwamba chupa zao zitafanywa vitu vipya badala ya kuziba mifereji na kuua ng'ombe. Watu walimsadiki. Shemasi akisema kitu, nani atakwenda kukipima?

Aliyemsadiki kuliko wote alikuwa mke wake. Kiangazi kilichopita mabomba yalikauka, naye akashuka bondeni kwenye bwawa na bidoni la maji kichwani. Aliteleza akipanda, akavunjika mguu, na mfupa ukaunga vibaya. Maji ya kupikia yalikuwamo ndani ya nyumba siku hiyo. Yale aliyoyafuata yalikuwa ya kuoshea chupa. Yonatani alilijua hilo na hakupata kulitamka hata siku moja.

Mvua zilipoanza, alisafiri kwenda Mbarara kumtafutia mkewe gongo la kwapa, kwa kuwa lile alilokuwa akitumia lilikuwa tawi tu la mkaratusi. Kankindi alimsindikiza kwa macho mpaka kwenye njia ya baiskeli, kisha akamwita arudi.

"Baba Munezero," alisema, kwa kuwa binti yao mkubwa aliitwa Munezero, "ukifika, uniangalilie fasi chupa zangu zinafikaka. Unieleze vile ziko."

"Nitaangalia mahali zinapofika."

Na kweli aliangalia. Alikuwa ameshanunua gongo na kulifunga kwa kamba, anatafuta gari la kurudi, alipoliona lori la kampuni likipita, na juu yake magunia yenye utepe wa buluu. Moyo wake ulifurahi kama mtu aliyekutana na jirani ugenini. Alipanda pikipiki akalifuata hadi nje ya mji, nyuma ya kilima, kwenye uwanja uliozungushiwa mabati. Langoni alisimama mlinzi mmoja, mwanajeshi mstaafu aliyeitwa Bob, bado amevaa koti lake la jeshi.

"Mzee, unatafuta nani?"

"Natafuta fasi banayeyushaka chupa."

Bob alianza kucheka, kisha akaona gongo mkononi mwa mzee akanyamaza. "Kuyeyusha? Hapa hakuna mashini, mzee. Hapa iko shimo tu. Ingia uone, mimi sikatazi mtu."

Yonatani aliingia. Lori liliinua mgongo, na magunia yakamwagika shimoni, juu ya nepi za watoto na maganda ya matoke yaliyooza na mzoga wa mbwa. Gunia moja lilipasuka. Chupa zikatawanyika, safi, zinang'aa juani vilevile zilivyong'aa uani kwake kila asubuhi. Kisha trekta likaja likazikanyaga, likasukuma udongo juu yake. Yonatani alisimama pale, gongo mkononi, machozi yakimlengalenga, na hakuna aliyemwuliza analia nini.

Njiani kurudi alikata shauri kusema kweli. Alikata shauri mara nyingi, kila kijiji walichopita. Lakini alipofika, Kankindi alilipokea gongo, akaliweka kwapani, akatembea nalo mpaka kwenye mpapai na kurudi, anacheka kama msichana. Kisha akamtazama.

"Uliona?"

"Niliona."

"Zinafika?"

"Zinafika."

Angekomea hapo, pengine. Lakini uongo haukai peke yake, unataka wenzake.

"Na zinakuwa nini?"

"Mabeseni," Yonatani alisema. "Niliona moja ya buluu."

Shemasi mzima! Mtu aliyeshika kikombe cha Bwana kila mwezi akakaa kwenye kigoda akazua beseni. Alifanya hivyo kwa mapenzi, hilo halina ubishi, na mapenzi yana dhambi zake. Kankindi alifumba macho, akasema ahsante kwa Mungu, na tangu siku ile akawa haoni beseni akanyamaza. Sokoni, kisimani, hata kwenye matanga ya watu, aliligonga beseni kwa kidole akauliza kama si mtoto wake. Alimpigia Munezero simu akamweleza. Habari ikaenea Juru nzima kwamba mwenyekiti alifika Mbarara yeye mwenyewe, akaona mabeseni.

Ulimi huponza kichwa. Baraza la wilaya likatangaza kwamba kamati yake inayokagua huduma itakuja kuwasikiliza watu wa Juru, kabla ya kuamua kama kampuni iongezewe muda au ifukuzwe. Vijiji vingine vilikuwa vimelalamika. Kuna waliosema lori halijulikani linakokwenda.

Kankindi alijiandaa kama mtu anayepokea wakwe. Aliagiza maziwa mabichi kwa wafugaji wa Endiinzi, na hakuyatia kwenye vikombe. Alichagua chupa katika magunia yake, akaziosha upya, akamimina maziwa humo ili wageni waone kwa macho na kwa ulimi kwamba Juru haitoi uchafu. Maziwa ndani ya plastiki! Mama yake angalifufuka kumkemea. Lakini ndivyo alivyokata shauri, na mumewe alipomwona akiyamimina taratibu, bila kumwaga hata tone, alitoka nje akaenda kusimama nyuma ya choo.

Mkutano ulikaa chini ya turubai, kando ya kanisa. Mkuu wa kamati alikuwa diwani Eriya, mtu mpole mwenye sauti ya chini, aliyesikiliza kuliko kusema. Karibu naye aliketi Kabanda, meneja wa kampuni, viatu vyake havijapata kuona tope la Juru. Eriya alimwuliza zile plastiki zinakwenda wapi.

"Mheshimiwa, kwa nini mimi niseme?" Kabanda akajibu. "Chairman wao alifika. Aliona mabeseni kwa macho yake. Uliza yeye."

Akamgeukia Yonatani akatabasamu, na katika tabasamu lile Yonatani alielewa kwamba Kabanda anajua. Hakuna beseni hata moja lililowahi kutoka kule. Kabanda alimtambua kama mwizi anavyomtambua mwizi mwenziwe gizani, naye alikuwa na hakika kabisa kwamba mzee huyu hatathubutu.

"Mzee Yonatani," Eriya alisema, "sisi hatukufika pale. Wewe ulifika. Ile neno utasema, baraza itafuata hiyo. Ni kweli?"

Yonatani alisimama. Akisema ndiyo, chupa zitazikwa mwaka mwingine, na jina lake juu yake kama jiwe la kaburi. Akisema hapana, lori litakoma kuja, malundo yatarudi kando ya shule, na yule mwanamke mwenye gongo atajua mguu wake ulipotelea wapi. Alikuwa ameelekea kwenye ndiyo, tusimfiche, maneno yalikuwa yamefika mdomoni.

Hapo Kankindi akaja na maziwa. Alikuwa akingoja nyuma ya turubai, akaona kimya kile kinafaa kwa kukirimu wageni. Teta, jirani yake, alimbebea kikapu, naye akagawa kwa mikono yake. Eriya akapokea, akanywa, akashukuru. Kabanda akanywa, akapangusa midomo. Wa mwisho alikuwa mumewe. Kankindi aliliegemea gongo, akamshikia chupa kwa mikono miwili.

"Kunywa, Baba Munezero, halafu uambie bageni vile uliona."

Kwao maziwa hayakataliwi. Ukiyapokea mkononi mwa mtu na kuyanywa, umesema mbele ya wote kwamba huna neno naye wala yeye hana neno na wewe. Yonatani aliitazama ile chupa. Ilikuwa safi. Alitaka kuipokea, mkono ukakataa.

"Siwezi kunywa," alisema.

Mwanamke mmoja aliguna nyuma. Mume kukataa maziwa ya mkewe hadharani! Kankindi hakuelewa, akaisogeza chupa karibu zaidi, akidhani hakumsikia.

"Siwezi, Mama Munezero. Nilikudanganya. Mabeseni hakuna." Kisha akageuka kwa Eriya. "Mheshimiwa, kule hakuna mashini. Iko shimo. Banatupa yote pamoja, zetu na uchafu yote, banafunika na udongo. Nililiona na macho yangu, nikarudi, nikadanganya bibi yangu, na uongo yangu ndiyo huyu bwana anaileta hapa."

Kabanda aliinuka upesi. Alisema kwamba plastiki za kambini zinakuja chafu mno, kiwanda hakizipokei, kampuni ingefanyaje? Eriya aliitazama chupa iliyokuwa mkononi mwake, ambayo ametoka kuinywea, akaigeuza kwenye mwanga.

"Chafu namna hii?" aliuliza.

Kisha akatangaza kwamba kesho asubuhi kamati nzima itakwenda kwenye shimo hilo, mzee Yonatani akiwaongoza, na Kabanda ataketi katika gari moja naye. Mpaka hapo baraza litakapoona, mkataba hauongezwi hata kwa siku moja. Watu wakaanza kusema wote kwa pamoja, wengine wakimlaani Kabanda, wengine wakimlaani shemasi. Sasa nani atazoa taka? Si angenyamaza tu?

Kankindi hakusikia lolote katika hayo. Aliifunga ile chupa kizibo, akaitia kikapuni, akashika njia ya nyumbani. Hakuna aliyethubutu kumsaidia.

Yonatani alimkuta kwenye kigoda, mikono juu ya mapaja, mbele yake rundo la chupa ambazo bado hazijaoshwa. Alichuchumaa mbali kidogo, kama mtu aliyekuja kuposa na hana uhakika.

"Ni siku gani uliona?" Kankindi aliuliza.

"Siku ile nilileta gongo."

Alilitazama gongo lililolala kando yake. "Na nimekuwa nalitembelea."

"Nisamehe."

"Kabanda alinidanganya. Sawa. Kabanda si bwana yangu." Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililomuumiza mumewe zaidi. "Nilimwambia Munezero kwa simu, nikasema, mwanangu, mguu ya mama yako haikufa bure."

"Ni juu ya mguu ile nilishindwa kusema. Nilikuonea huruma."

"Mguu ni yangu, Baba Munezero. Ungeniachia niililie mwenyewe." Akaokota chupa moja rundoni. "Nilifikiri tunaosha tuko babili. Kumbe tangu siku ile nilikuwa naosha peke yangu."

Maji yaliyomwagika hayazoleki, naye Yonatani alijua kwamba kusamehewa ni hisani, si haki. Alichukua bidoni akateka maji, akajaza karai la mkewe mpaka juu.

Asubuhi gari la baraza lilisimama njiani. Ndani yake Kabanda alikuwa ameshaketi, anatazama mbele. Yonatani alivaa koti lake la kanisani, akatoka, akamkuta Kankindi amesimama uani amejifunga kitenge kipya. Mkononi alishika chupa ya jana, yale maziwa bado yamo.

"Kunywa," alisema. "Na baambie bangoje. Miye pia naenda. Sitaki tena kuelezwa."

Maziwa yalikuwa yamelala kwenye joto, yameshaharibika, machachu, yameganda vipandevipande. Yonatani aliyanywa yote bila kuondoa chupa mdomoni, na mkewe akamtazama mpaka tone la mwisho.

Dereva alipiga honi. Kankindi hakuharakisha. Aliketi kwenye kigoda, akaitumbukiza chupa karaini, akaisugua kwa mchanga, akaisuuza, akaisuuza tena, akaiinamisha juani. Ndipo alipomnyooshea mumewe mkono ampe gongo.