Karatasi Mbili Kwenye Ufa

Mwaka 1958 tulikuwa tukipasua mawe kwenye kilima cha Mabatini. Siku hiyo nyundo ilinidondoka ndani ya ufa wenye upana wa mwanamume mmoja asiyeshiba, nami nikaifuata. Mtaimbo tuliokuwa tumeuegemeza pale juu ukateleza, ukakaa mshazari: ncha ya chini imebana paja langu kwenye ukuta wa kushoto, ncha ya juu imegota ukuta wa kulia, karibu na mdomo wa ufa. Sikuweza kupanda wala kukaa. Nikivuta pumzi, kifua kinagusa jiwe.

Nyapara wetu, Masalu, alichungulia akasema watauvuta mtaimbo kwa kamba. Nikamsihi angoje, nahisi jiwe la kulia linasogea. Wenzangu wakacheka. Kosa ni langu: juzi yake tu niliwaapia kwamba kiboko alipanda kutoka ziwani akanisaidia kubeba mawe.

"Ngosha," alisema Masalu, "leo tena jiwe linatembea?"

Hapo nikakumbuka kitabu changu cha hesabu, kile nilichonunua sokoni bila jalada. Kuta zile zilitokana na mpasuko mmoja. Asubuhi zilikuwa sambamba kama reli. Fimbo ikikingama kati ya mistari sambamba, pembe ya chini upande huu hulingana na ya juu upande wa pili. Zisipolingana, jiwe limeinama, na mtaimbo ndio unaolizuia. Kuuvuta ni kunizika.

Niliwapazia sauti hayo, kisha nikamwomba Bernadeta, mpika uji wetu, akunje karatasi ya pakiti ya sigara ifuate pembe kati ya mtaimbo na ukuta pale juu. Mimi nilikunja ya kwangu huku chini, kwa kupapasa. Akateremsha kopo kwa uzi, nikaitia humo. Masalu alikuwa keshashika kamba.

Halafu nikamsikia Bernadeta.

"Mzee Masalu, hebu zibandike moja juu ya nyingine. Ya huku juu imezidi kidole kizima."

Alizibandika mara tatu. Kisha akaagiza magogo. Waliyakaza kati ya kuta mpaka alasiri, ndipo mtaimbo ukatoka, nami nikafuata, nimechunika kama muhogo.

Hakuniomba radhi. Lakini tangu siku ile, nikianza tu kusimulia, hunyoosha kiganja: "Karatasi."

Ya kiboko bado naitafuta.