Kwa Hiari Yake

Kalamu ilimponyoka Semeni mara ya tatu, ikabingirika mezani mpaka kwenye kikombe cha chai cha Mkuu wa Chuo. Mikono yake yote miwili ilikuwa imefungwa bandeji, na vidole vilivyobaki nje vilikuwa vimevimba, havikunjiki. Mkuu, Bwana Abdulswamadu, aliiokota kalamu, akaifuta kwa leso, akamrudishia. Hakuwa na haraka yoyote.

"Ukishindwa kusaini, weka dole gumba," alisema. "Wino upo."

Mwanafunzi wa uuguzi mwaka wa tatu, anayejaza mafaili ya wagonjwa kila siku, aweke dole gumba! Karatasi iliyokuwa mbele yake iliitwa maelezo yake, lakini hakuyaandika yeye. Alipoitwa ofisini aliyakuta yameshachapwa.

"Soma tena. Kwa sauti, na Bi Johari asikie."

Bi Johari, matroni wa hosteli ya wasichana, alikuwa amekaa pembeni ya kabati, macho yake yakiangalia sakafu. Semeni akasoma.

"Mimi Semeni Mfaume nathibitisha kuwa marehemu Hajira Ismaily alifika mlangoni akiwa salama, na kwamba alirudi chumbani kwa hiari yake, kinyume cha kanuni za chuo za usalama wa moto."

"Kuna uongo hapo?"

"Mkuu, hapa palipoandikwa kwa hiari yake. Hakurudi kwa hiari."

"Alisukumwa?"

"Hapana."

"Alifungwa kamba akaburutwa?"

"Hapana, Mkuu."

"Basi mwanangu, Kiswahili kina neno gani lingine?"

Semeni alilitafuta neno hilo akalikosa. Alimchukia mtu huyu kwa ile sauti yake ya upole, sauti ya mtu anayemlisha mgonjwa uji.

Moto ulishika Jumanne, saa nne asubuhi. Hosteli ile, nje kidogo ya Kibiti, ilikuwa inafungwa kufuli kwa nje saa zote za vipindi ili watoro wasirudi kulala. Waliotoka zamu ya usiku wodini walikuwa na ruhusa ya kulala, na ruhusa yenyewe ilikuwa hivyo, wanalala wakiwa wamefungiwa. Siku hiyo walikuwa wanane. Nyaya za darini zilikuwa zinatoa cheche tangu mwezi wa Ramadhani, na wasichana walikuwa wameandika barua mbili kulalamika. Mtungi wa kuzimia moto ulikuwepo, tena mpya, ila ulihifadhiwa stoo usije ukaibiwa. Ufunguo wa stoo na wa mlango ulikuwa kwenye pochi ya Bi Johari, na Bi Johari alikuwa Kibiti mjini kununua maharage ya jikoni.

Ukutani, karibu na mlango, kulikuwa na mabango mawili. Dogo lilisema moto ukitokea, toka nje mara moja, usichukue kitu chochote. Kubwa, la mbao, lenye herufi nyekundu, lilisema ni marufuku msichana kuvuka mlango huu bila stara kamili. Kwa bango dogo hakuna aliyewahi kuadhibiwa. Kwa lile kubwa waliadhibiwa kila wiki, kwa hiyo kila msichana alijua lipi ni sheria na lipi ni pambo.

Wakati wa kiangazi, asubuhi moja kabla kufuli halijafungwa, jirani mmoja alichoma shamba lake la mikorosho kusafisha magugu, moshi ukaingia mabwenini. Wasichana walitoka mbio na kanga zao za kulalia. Bi Johari hakuuliza moshi umetoka wapi. Aliwapanga mstari hapohapo uwanjani, mbele ya walinzi na mafundi waliokuwa wanajenga maabara, wakasimama hivyo nusu saa nzima wajue aibu ni nini. Kisha akapiga simu kwa wazazi, mmoja mmoja. Mzee Ismaily, baba yake Hajira, alikuja na bodaboda kutoka Mtawanya siku hiyohiyo. Alikataa kiti na alikataa maji. Alimwambia binti yake neno moja tu mbele ya wote, "Umenivua nguo, mwanangu," akapanda bodaboda akaondoka. Hajira hakula siku mbili. Tangu hapo alikuwa analala na baibui lake limetundikwa msumarini, kichwani kwa kitanda.

Kwa hiyo Jumanne ile, mlinzi Huseni alipouvunja mlango kwa nyundo ya mafundi, na mwanga ukaingia katikati ya moshi, Hajira alikuwa wa pili kufika mlangoni. Baibui lilikuwa limebaki msumarini. Alikuwa na kanga moja kifuani, Semeni nyuma yake akiwa ameshavaa lake, kavaa nje ndani lakini kavaa. Huko nje walisimama wanaume kama kumi. Hajira akasita kizingitini. Na Semeni, aliyempenda Hajira kama ndugu yake wa tumbo moja, Semeni aliyesomea miaka mitatu jinsi ya kuokoa watu, alimwambia, "Kajistiri, upesi!"

Hajira akageuka. Dari iliporomoka kabla Semeni hajamaliza kuvuta pumzi. Aliingia kumfuata, akashika alichodhani ni mkono wa mtu, kumbe ni chuma cha kitanda.

Mkuu alikunywa chai yake, akakirudisha kikombe kwenye kisahani.

"Kuna mlinzi anasema alisikia sauti ya msichana inamwambia marehemu arudi akajifunike," alisema. "Bi Johari, si ndivyo?"

"Ndivyo alivyosema," Bi Johari alijibu kwa sauti ndogo.

"Mimi sitaki kumjua mwenye sauti hiyo. Nikimjua nitalazimika kumwandika. Kama marehemu hakurudi kwa hiari yake, ina maana kuna aliyemrudisha, na zimamoto watauliza ni nani, na polisi nao watauliza. Tukiandika kwa hiari yake, hakuna wa kuulizwa. Unanielewa, mwanangu?"

Semeni alimwelewa vizuri sana.

"Lile bango la mlangoni," alisema. "Mkuu, ni lile bango."

"Bango gani?"

Alimtazama Bi Johari. Bi Johari alikuwa anahesabu vigae vya sakafu. Asubuhi hiyo, alipopita mlangoni kwenda kuoga, Semeni aliona ukuta umepigwa rangi mpya, na matundu manne ya misumari yamezibwa kwa saruji ambayo bado ilikuwa mbichi.

"Namba za mtihani wa taifa zimeshafika," Mkuu aliendelea. "Wiki tatu zimebaki. Yako nimeitoa nikaiweka pembeni kidogo, mpaka hili jambo likae sawa. Nyumbani ni wapi vile?"

"Ngorongo."

"Ngorongo. Mafuriko yaliwapiga sana."

"Mpunga wote ulikwenda, Mkuu. Misimu miwili."

"Pole. Wanakutegemea."

Wanakutegemea! Mama yake, Zawadi, alikuwa ameshaanza kuitwa Mama Nesi kisimani, na alikuwa anaitika. Semeni alimfikiria mama yake anavyoitika, akamfikiria Hajira anavyogeuka. Alitaka kulia akashindwa, na hilo lilimtia hasira kuliko kitu kingine chochote. Akakishika kidole gumba cha kulia kwa mkono wa kushoto kama mtu anayemwongoza kipofu, akakibonyeza kwenye wino, kisha kwenye karatasi.

"Ahsante," alisema Mkuu. "Mungu amrehemu mwenzako."

Nje barazani alimkuta Mzee Ismaily. Alikuwa amekaa kwenye benchi la wageni, kofia imenyooka, mfuko wa nailoni mapajani wenye madaftari ya Hajira. Semeni alitamani ardhi ipasuke. Alipiga magoti.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Pole na mikono." Mzee aliitazama ile mikono kwa muda. "Wewe ndiye uliyekuwa naye?"

"Ni mimi, baba."

"Wamenizuia kumwona. Walimkafini hospitali, nikazika nilichopewa." Akaushika mfuko kwa mikono miwili. "Nikuulize kitu kimoja, usinifiche. Walipomtoa, alikuwa kajistiri?"

Hapo ndipo Semeni alipojua kuwa ile karatasi ya ofisini ilikuwa uongo mdogo.

"Alikuwa kajistiri, baba. Kamili."

"Alhamdulillahi," alisema mzee, na mabega yake yakashuka. Aliushukuru ule uongo mara mbili, kisha akaomba aonyeshwe njia ya kutokea barabarani.

Wakaguzi wa zimamoto walikuja wiki iliyofuata, wakazunguka na Mkuu, wakapewa soda na nakala ya maelezo. Siku mbili baadaye namba ya mtihani ya Semeni ilirudishwa kwenye orodha. Jioni ya siku hiyo karatasi mpya ilibandikwa kwenye kila chumba cha hosteli, ikiwa na muhuri wa chuo. Ilisema kwamba kufuatia ushahidi wa mwanafunzi Semeni Mfaume, na ili kuepusha wanafunzi kurudi ndani kwa hiari zao wakati wa hatari, kuanzia sasa kila msichana atalala akiwa amevaa nguo kamili za kutokea nje, zikiwemo baibui au ushungi, soksi na viatu. Kuhusu kufuli hakikuandikwa kitu.

Ijumaa walirudi kutoka zamu ya usiku wakiwa sita, wakalala upande wa hosteli ambao moto haukuufikia. Ilikuwa saa tatu asubuhi na bati lilikuwa limeshaanza kulia kwa joto. Bi Johari alipita na tochi chini ya vyandarua, akikagua miguu, kitanda hadi kitanda, kisha akatoka. Wasichana walilala chali wamevaa meusi tupu, mikono kifuani, hakuna anayejigeuza kwa sababu viatu vilikuwa vinakwama kwenye shuka. Jasho liliwatiririka mpaka masikioni. Hakuna aliyemsemesha Semeni tangu karatasi ile ibandikwe, mpaka Kudra, wa kitanda cha juu, alipoinama akamtazama kwa macho mekundu ya usingizi.

"Semeni," alisema. "Na viatu je? Viatu navyo ulivisema wewe?"