Sauti ya Udagwenga

Marieta alikuwa akimimina maziwa kwenye chupa ya mteja, sokoni Katesh, aliposikia mdogo wake, Udagwenga, anahutubia.

Hakugeuka hapo hapo. Yalikuwa maziwa ya mwisho, na mteja, Samira wa duka la vitenge, hakosi la kulalamikia kwenye kipimo. Alipomaliza akafuta mdomo wa chupa kwa kiganja, ndipo akatazama uwanjani. Udagwenga hakuwepo jukwaani. Aliyekuwepo ni Mheshimiwa Letisia, mgombea ubunge, mtetezi wa wanyonge, mwanamke aliyesoma hadi Ulaya. Midomo iliyokuwa ikitembea ni yake. Sauti ndiyo haikuwa yake. Ilikuwa nyembamba, ya msichana wa Kibarabaig kutoka Hirbadaw, ile ile iliyokuwa ikiita ndama kwa majina.

"Walinitengea kikombe changu peke yangu," sauti ilisema kwenye spika. "Nikiinuka kwenye kiti, wanakifuta. Walisema nanuka. Waliniita jina ambalo si langu. Ndugu zangu, ubaguzi unauma!"

Mheshimiwa alikuwa anasimulia miaka yake ya masomo, alivyodharauliwa na Wazungu kwa sababu ya rangi yake. Watu waliijua hotuba hiyo na waliipenda, maana ilikuwa ya kweli.

"Siku hizi sauti yake imelainika," Samira alisema.

"Ni ya mdogo wangu."

"Ahaa! Nami nasema, mbona imebadilika." Akachukua chupa yake, akaenda zake.

Ni Mheshimiwa mwenyewe aliyekuja kumchukua Udagwenga nyumbani kwao, kwa ahadi ya kumsomesha. Siku ile alipiga naye picha wameshikana mikono, picha ikazunguka kwenye simu za watu mpaka Arusha. Baadaye habari za shule zikanyamaza. Nyumbani wakasema subira.

Kesho yake Marieta alipanda hadi kijiji cha Tlawi. Ukungu ulikuwa umelala juu ya mashamba, na uani kwa Mheshimiwa kulinuka vitunguu saumu vilivyoanikwa. Udagwenga alikuwa anafua. Alimwona dada yake, akafungua mdomo amsalimie, hakikutoka kitu. Akajaribu tena. Kisha akamkumbatia kwa mikono yenye povu.

Nje ya jiko, kwenye msumari, kulining'inia kikombe cha plastiki na sahani yake. Chini kulikuwa na gunia la kukalia. Marieta alichungulia ndani akaona bakuli la mbwa, limewekwa vizuri chini ya meza. Akakaa pale pale kwenye gunia.

Mheshimiwa alitoka akiwa na kitenge begani.

"Shikamoo, mama," Marieta alisema.

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Kuitwa mwanangu kwa sauti ya mdogo wake kulimsisimua mwili.

"Mama, sauti ya huyu mtoto unayo wewe."

"Ninayo," Mheshimiwa alikubali. "Ilinijia wakati wa kuvuna vitunguu. Nilisimama Dongobesh kuhutubia, ikatoka hii. Nimekwenda hospitali, wanasema koo langu ni zima."

"Na kikombe kile?"

Mheshimiwa aliutazama msumari kama mtu anayeulizwa habari za ufagio.

"Kile ni usafi tu. Ninyi Mang'ati mna harufu ya samli, wala si kosa lenu, ndivyo mlivyo. Usichanganye mambo. Hapa si Ulaya."

Aliyasema hayo, pamoja na jina hilo la kuwadharau Wabarabaig, kwa sauti ya Udagwenga, na Udagwenga aliyasikia kutoka penye beseni. Aliinamisha uso akaendelea kukamua shuka.

Marieta alishuka mjini Mbulu kwenye ofisi ya chama cha Mheshimiwa. Chama chao kilikuwa cha haki na kilijivunia kutoficha uoza. Katibu, Bwana Isidori, alimsikiliza mpaka mwisho. Kamati ya maadili ikapanda Tlawi, ikakishika kikombe mkono kwa mkono, na mjumbe mmoja akalia waziwazi. Wakaazimia Mheshimiwa aombe radhi hadharani, palepale Katesh, mbele ya Wabarabaig wenyewe.

"Kwetu sisi hakuna aliye juu ya uwajibikaji," Isidori alisema. "Nenda nyumbani, dada. Umetendewa haki."

Marieta alimwamini. Siku ya mkutano alimvika mdogo wake gauni la ngozi la mama yao, akamkalisha mbele kabisa ili aonekane.

Mheshimiwa alipanda jukwaani kwa mwendo wa mfiwa. Akashika kipaza sauti.

"Wazee wangu, mama zangu," ilisema sauti ya Udagwenga. "Nimekosa. Kosa ni langu, si la mtu mwingine. Nimewaaibisha. Nawapigia magoti, nisameheni."

Wazee wa Kibarabaig waliokuwa wameegemea fimbo zao wakatazamana. Waliyekuwa wakimsikia ni binti wa kwao, mtoto mdogo, analia.

"Mtoto akiomba hivi," mzee mmoja alisema, "utamnyima nini?"

"Tumekusamehe!" watu wakaitikia, na makofi yakapigwa.

Udagwenga alijishika koo kwa mikono miwili. Alitazama jukwaa kama mtu anayemwona ng'ombe wake akipita katika kundi la mwingine.

Marieta alisimama. "Siyo yeye!" alipiga kelele. "Aliyekosa hajasema neno hata moja!"

Waliomzunguka wakamnyamazisha, kwa sababu alikuwa anawazuia kusikia.

Mkutano ulipoisha alimfuata Isidori.

"Dada, tumeshawajibishana, na wazee wako wamesamehe," Isidori alisema kwa upole. "Mnataka nini tena?"

"Sauti."

Isidori alifikiri kwa uaminifu. "Hiyo haikuwemo kwenye maazimio."

Mheshimiwa Letisia alishinda kwa kura nyingi, nyingi zaidi kutoka upande wa Hanang, kwa Wabarabaig. Udagwenga alirudi Hirbadaw. Alikonda kidogo, akazoea kuonyesha vitu kwa kidole, na majirani nao wakazoea.

Mama yao hajui Kiswahili, lakini siku Mheshimiwa anapohojiwa redioni huwa anavuta kigoda karibu.

"Anasema nini mwanangu huko redioni?" aliuliza jioni moja.

"Anawashukuru watu kwa kumwamini," Marieta alisema.

"Sauti imenawiri. Inaonekana wanamlisha vizuri."

Mama aliongeza sauti ya redio. Kisha akamgeukia Udagwenga, aliyekuwa anakoroga uji motoni, akamwomba asigongegonge mwiko, wapate kumsikia.